Kwa nini wapiga picha wa miaka ya 1920 walikimbilia mimea, na kwa nini mimea yao inafanana na chuma?

#1 Kivuli cha Mnazi
Wakuu, salaam. Nataka tujadili jambo ambalo sijaona likiguswa kwenye jukwaa hili la picha.

Mwaka 1928 Mjerumani Karl Blossfeldt alitoa kitabu, Urformen der Kunst, picha 120 za mimea, zote nyeusi na nyeupe. Kwa ambaye hajaziona: anachukua ncha changa ya kangaga iliyojikunja, anaisimamisha mbele ya karatasi ya kijivu, anaikuza mpaka unaapa kuwa ni chuma kilichopindwa na mhunzi. Hamna udongo, hamna anga, hamna mdudu, hamna tone la umande. Mmea peke yake, na kila kinyweleo kinahesabika.

Sasa hamia California. Mwaka 1925 Imogen Cunningham anapiga ua la magnolia kwa karibu hadi linajaa picha nzima. Mwaka 1930 Edward Weston anapiga ile pilipili hoho maarufu, namba 30, ambayo wengi wakiiona mara ya kwanza wanadhani ni mgongo wa mtu aliyejikunyata. Namna ni ileile: karibu mno, kali, bila mandhari.

Nini kiliwapeleka wote kwenye mimea kwa wakati mmoja? Na kwa nini kitu laini kama ua kikaishia kuonekana kama chuma au jiwe?

Maoni yangu: ni vita ya 1914–18. Kabla ya hapo picha ya kisanaa ilikuwa ya ukungu, lenzi laini, kila kitu kama ndoto. Watu waliotoka kwenye mahandaki hawakutaka tena ndoto. Walitaka kitu kilichosimama mbele yao, wakione kilivyo.

#2 Dada Nuru
Mkuu umeenda mbali sana. Rangi haikuwepo, basi. Ukiondoa rangi kwenye jani unabaki na umbo, na umbo la jani ni mistari. Chuma kinatoka hapo.

#3 Fundi Lenzi
Dada Nuru, rangi ilikuwepo. Autochrome ya ndugu Lumière iliingia sokoni mwaka 1907, sahani ya kioo yenye chembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi. Watu walipiga maua kwa rangi miaka karibu ishirini kabla ya magnolia ya Cunningham. Ilikuwa ghali, ya polepole, na kila sahani ilikuwa moja tu, huwezi kuichapisha nakala kirahisi. Lakini ilikuwepo. Kwa hiyo nyeusi na nyeupe kwa watu hawa tuihesabu kuwa ni uamuzi, angalau kwa sehemu.

#4 Mberlini wa Kigoma
Kivuli, uzi mzuri, ila nadharia ya vita ina shida ya tarehe. Blossfeldt hakuanza baada ya vita. Alizaliwa 1865 huko Schielo, milima ya Harz. Akiwa kijana alijifunza kazi kwenye kiwanda cha kusubu chuma cha Mägdesprung, kile cha mageti na mapambo. Miaka ya 1890 alikwenda Roma kufanya kazi chini ya mwalimu wa uchoraji, Moritz Meurer, aliyekuwa akikusanya mimea na kutengeneza vielelezo vya kufundishia. Kuanzia 1898 alifundisha kwenye shule ya sanaa za mikono hapa Berlin, akaendelea mpaka 1930.

Picha zile zilikuwa za kufundishia. Alikuwa akizionyesha ukutani ili wanafunzi wachore. Kitabu kilipotoka alikuwa na miaka 63, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imeshafanyika zamani. Vita haikumtuma popote.

Na hilo la kufanana na chuma: kijana aliyeanza maisha kwenye kusubu chuma, ungetegemea aone nini kwenye kangaga?

#5 Kivuli cha Mnazi
Mberlini, asante kwa tarehe. Lakini tenganisha mambo mawili: lini picha zilipigwa, na lini watu walizitaka. Miaka thelathini mtu anapiga picha za mimea na hakuna anayemjali nje ya darasa lake. Halafu ghafla mwaka 1926 mwenye duka la sanaa, Karl Nierendorf, anazitundika Berlin, na miaka miwili baadaye kinatoka kitabu ambacho Nierendorf huyohuyo anakiandikia utangulizi, nacho kinanunuliwa kwa kasi. Ile njaa ya ghafla ndiyo ninayoizungumzia, na njaa hiyo ina historia ya vita ndani yake.

#6 Patasi ya Mji Mkongwe
Assalaam alaykum. Mimi ni fundi nakshi, nachonga milango, kamera siijui. Ila kuna kitu nyie watu wa lenzi mnakipita juujuu.

Mberlini kasema yule bwana alikuwa anafundisha mafundi. Basi zitazameni picha zake kwa jicho la fundi. Ukitaka kuchonga jani kwenye mwimo wa mlango, jani lenyewe ukiliweka mbele yako linakusumbua. Linayumba, linanyauka kabla hujamaliza, na rangi inakudanganya: panapokoza rangi unadhani pana shimo, kumbe bapa. Fundi anataka kujua jani linainuka wapi, linazama wapi, na ukingo unageuka vipi ukifika mwisho. Patasi haina habari na kijani.

Picha yenye mwanga wa upande mmoja, bila rangi, mbele ya karatasi tupu, inakupa hayo na kukuondoshea mengine. Nilipoziona mara ya kwanza kwenye simu ya mpwa wangu nilijua bila kuambiwa kuwa ni kazi ya mtu aliyewahi kushika chombo mkononi. Zile si picha za maua. Ni vielelezo vya kazi.

Milango yetu ya Unguja ina yungiyungi, ina mtende, ina waridi. Hakuna fundi ninayemjua aliyekaa na ua bichi akalinakili. Tumepokea kwa waliotutangulia, na kila mkono unaopita juu ya lile ua unalipunguza kidogo, mpaka libaki umbo tu. Blossfeldt kaifanya safari hiyohiyo kwa kamera.

#7 Dada Nuru
Fundi Patasi, nimesoma mara mbili. Hapa umenishika.

#8 Mberlini wa Kigoma
Patasi, nakuunga mkono ila kuna kinyume chake pia. Ugomvi wa Meurer ulikuwa hasa dhidi ya hicho ulichokieleza mwishoni. Aliona mafundi wa Ujerumani wananakili mapambo ya kale kutoka kwenye vitabu vya mapambo, nakala juu ya nakala, mpaka jani limekufa. Akataka warudi kwenye mmea wenyewe, waone umbo linavyotokea. Kwa hiyo picha za Blossfeldt zilitengenezwa kuvunja mnyororo wa kurithishana, si kuuendeleza.

#9 Patasi ya Mji Mkongwe
Kurithishana si ugonjwa. Anayenakili bila kuelewa ataua jani hata ukimpa mti mzima. Na anayeelewa, jani alilolipokea kwa babu yake liko hai. Meurer alikuwa na wanafunzi wazembe, tusiwatwishe mafundi wote mzigo wao.

#10 Njia ya Limuru
Wadau habarini. Nyote mmehamia Berlin na Cunningham mmemwacha California peke yake. Huyu mama hakuwa mhunzi wala mwalimu wa mapambo.

Kwanza alisoma kemia, Chuo Kikuu cha Washington, akamaliza 1907. Ili kupata karo alipiga picha za mimea kwa ajili ya idara ya botania. Mnaona? Kabla hajawa msanii wa kutajwa alikuwa keshapiga mimea kwa ajili ya sayansi. Baadaye akaenda Dresden mwaka 1909 kusomea kemia ya picha.

Pili, akazaa. Mtoto wa kwanza 1915, halafu mapacha 1917. Wakahamia San Francisco, kisha Oakland karibu na chuo cha Mills ambako mumewe alifundisha. Mama mwenye wavulana watatu wadogo haendi kupiga picha mlimani siku nzima. Alipanda bustani, akapiga kilichokuwa humo. Kwa nini tunatafuta vita ya dunia wakati jibu liko kwenye kamba ya kuanikia nepi?

Mimi pia nilianza kupiga maua nikiwa na mtoto mchanga. Ua linakungoja. Mtoto akilia unaenda, ukirudi ua lipo.

#11 Kivuli cha Mnazi
Limuru, hii ni nzuri sana na inanigusa. Lakini inaeleza kwa nini alipiga maua, haielezi kwa nini aliyapiga vile. Wamama wangapi walipiga maua ya bustani yao, yakatoka maua ya bustani? Magnolia ya Cunningham ameiingia mpaka kwenye ile nguzo ya katikati, na mwaka huohuo akasogea zaidi akapiga nguzo hiyo na stameni zake peke yake, akaita Tower of Jewels. Nepi hazikufundishi kusogea hivyo.

#12 Njia ya Limuru
Botania inakufundisha. Ukishapiga mimea kwa ajili ya maprofesa, unajua wanachotaka kuona ni kile cha ndani. Soma tena aya yangu ya kwanza jameni.

#13 Fundi Lenzi
Naomba niingize hesabu kidogo, kwa sababu sehemu ya jibu iko kwenye kifaa.

Kamera za zamani za mivukuto zinakuza kwa kuivuta lenzi mbali na sahani. Chukua lenzi ya sentimeta 15. Kupiga kitu kwa ukubwa wake halisi, mvukuto unahitaji sentimeta 30. Kukikuza mara tano, sentimeta 90. Hiyo tayari ni karibu mita nzima ya kamera kwa ajili ya kichipukizi cha sentimeta mbili. Na mwanga unapungua: kwenye ukubwa halisi unahitaji mara nne ya mwanga wa kawaida, ukikuza mara tano unahitaji mara 36. Juu yake, kina cha ukali kinakuwa chembamba mno, kwa hiyo lazima ubane tundu la lenzi, na ukibana tundu mwanga unapungua tena. Unajikuta unafungua lenzi kwa dakika kadhaa.

Kwa dakika hizo hakuna upepo unaoruhusiwa. Mmea hauwezi kupigwa shambani. Lazima uukate, uulete ndani, uubane usitikisike, uweke karatasi nyuma, utumie mwanga wa dirisha. Tazameni sasa: karatasi tupu, mmea umesimama wima kama askari, hakuna umande, hakuna mdudu. Yote aliyoyataja Kivuli kwenye #1 kama mtindo, kifaa kilishayaamua kabla msanii hajaamua chochote.

#14 Mberlini wa Kigoma
Hapo ongeza kwamba vitabu vinasema Blossfeldt alikuza mpaka mara 30.

#15 Fundi Lenzi
Mara 30 ndani ya kamera kwa lenzi ya sentimeta 15 ingehitaji mvukuto wa zaidi ya mita nne na nusu. Kwa hiyo ama alitumia lenzi fupi zaidi kwa vitu vidogo kabisa, ama hesabu hiyo inajumuisha ukuzaji wa pili, kutoka sahani kwenda karatasini. Akili yangu inaegemea ya pili.

#16 Mkonge wa Ngomeni
Wakuu, mimi nipo Tanga na nina la kusema. Cunningham ana picha nyingine, Agave Design, ya miaka hiyohiyo ya 1920. Majani ya agave yenye ncha, vivuli vinakatiza juu ya jani kama visu. Nilipoiona nilicheka, maana ni jamaa wa mkonge. Nimekulia katikati ya mistari ya mkonge na sikuwahi kumwona mtu akiuita sanaa.

Sasa nadharia yangu. Mkonge haukuzaliwa Tanga. Asili yake Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi kutoka Florida kupitia Hamburg, vingi vikafia njiani, 62 vikapona. Kutoka hivyo 62 ndipo yakatoka mashamba tunayoyaona. Na mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha Amani, Usambara, kujaribu mimea ya kila pembe ya dunia. Enzi hizo mimea ilikuwa inasafirishwa, inahesabiwa, inaorodheshwa, inapigwa picha. Hizi picha za mmea mmoja uliokatwa, mbele ya karatasi, bila ardhi yake: hilo ni jicho la afisa kilimo wa kikoloni. Mmea umeng'olewa kwao, umebaki kielelezo. Sisemi wasanii walikuwa na nia mbaya. Nasema jicho lilikuwa limeshafundishwa.

#17 Kivuli cha Mnazi
Mkonge, hii sikuitegemea kabisa. Ngoja wajuzi waje.

#18 Mberlini wa Kigoma
Mkonge, kwa Blossfeldt inayumba. Sehemu kubwa ya mimea yake ni ya kawaida kabisa, mingi ni magugu ya kando ya njia na kwenye tuta la reli. Mtu huyu hakuhitaji Amani.

Lakini kuna mwingine ambaye ungemshika vizuri: Albert Renger-Patzsch. Kabla hajawa maarufu alifanya kazi kwenye hifadhi ya picha ya Folkwang-Auriga huko Hagen, na mwaka 1924 zilitoka juzuu mbili zenye picha zake, moja ya okidi, nyingine ya Crassula, mimea ya majani manene yenye maji. Okidi za vibanda vya vioo, na Crassula ambazo nyingi asili yake ni kusini mwa Afrika. Na miaka hiyo Wajerumani walikuwa na homa ya kakati, kila dirisha lina chungu. Wachoraji nao wakazichora. Georg Scholz ana mchoro wa 1923, kakati dirishani na nguzo za ishara za reli nje.

#19 Njia ya Limuru
Na yale maua meupe ya kala ambayo Cunningham, mpiga picha mwenzake Tina Modotti na wengine walishindana kuyapiga, asili yake ni Afrika Kusini na jirani zake. Jina la kisayansi ni aethiopica lakini Ethiopia si kwao. Kwetu huku yamejaa kwenye mabonde yenye maji, watoto wanayauza barabarani kwa mafungu. Ukiyaona yalivyotukuzwa California utadhani ni malaika.

#20 Mkonge wa Ngomeni
Basi nadharia yangu bado inapumua.

#21 Bustani ya Bibi
Naingia kimya kimya. Hamjamtaja mtu mmoja ambaye anavuruga kila kitu mlichosema. Charles Jones, mtunza bustani wa Kiingereza, alizaliwa 1866. Alikuwa mfanyakazi kwenye bustani za wakubwa huko Uingereza, na kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20 alipiga picha za mboga, matunda na maua aliyoyalima mwenyewe: maharage, vitunguu, kabichi. Karibu, kali, mandhari tupu. Ukiiweka kando ya Weston hutajua nani wa kwanza. Hakuna aliyemjua. Alikufa 1959, na picha zikaja kupatikana 1981 ndani ya sanduku kwenye soko la vitu vya mitumba, Bermondsey, London.

Inasimuliwa kwamba sahani zake za vioo alizitumia bustanini kufunikia miche isiungue na baridi.

Huyu hakuwa na shule ya mapambo, hakuwa na vita, hakuwa na koloni, hakuwa na mapacha. Alikuwa na kiburi halali cha mkulima aliyelima kitunguu kizuri. Mimi nalima mboga, naijua hiyo hisia. Ukilivuna zao lililokaa sawasawa unataka watu walione lenyewe, unalifuta udongo, unaliweka juu ya kitu kisafi. Hakuna nadharia zaidi ya hapo.

#22 Dada Nuru
Bibi umeufunga uzi.

#23 Fundi Lenzi
Hajaufunga. Jones alifungwa na kifaa kilekile. Sahani, mvukuto, mwanga wa dirisha, kitu kisichotikisika. Anathibitisha #13.

#24 Bustani ya Bibi
Kifaa hicho alikuwa nacho kila mpiga picha wa Uingereza. Waliopiga vitunguu namna ile wako wapi?

#25 Salim wa Forodhani
Wakubwa wangu, kuna jambo mnalizunguka kwa adabu. Pilipili ya Weston inafanana na mwili. Ua la kala linafanana na mwili. Magnolia, ingia ndani yake, ni viungo vya uzazi tu, ndiyo kazi ya ua. Watu hawa walikuwa wanapiga pia miili, Weston na Cunningham wote wawili. Wamehamisha jicho kutoka ngozi kwenda kwenye ganda.

Na mwaka 1929 Georges Bataille, Mfaransa, aliandika makala kwenye jarida la Documents kuhusu lugha ya maua, akatumia picha za Blossfeldt. Alisema waziwazi kwamba uzuri wa ua unaishia kwenye petali, ndani kuna uchafu na juu yake kuna kunyauka, na mizizi iko matopeni. Alizichukua picha zile safi za darasani akazisoma kwa njia ambayo mwalimu Blossfeldt asingethubutu mbele ya wanafunzi.

#26 Njia ya Limuru
Weston mwenyewe alikasirishwa na watu waliomsomea miili kwenye pilipili zake. Alisisitiza ni pilipili. Na baadhi ziliishia kuliwa, kwa hiyo alikuwa anajua vizuri ni chakula.

#27 Salim wa Forodhani
Anayekana sana ndiye wa kumchunguza. Halafu aliiweka ile namba 30 ndani ya faneli ya bati, ili mwanga uirudie kutoka pande zote na mikunjo ing'ae. Mboga ya kula huipangii taa.

#28 Bustani ya Bibi
Mimi napangia taa mboga zangu kila Jumamosi sokoni.

#29 Mwanafunzi Iringa
Samahani wakubwa, nina swali dogo. Hawa watu walisema wanaonyesha kitu kilivyo, bila kuongeza chao. Lakini nimesoma kwamba Blossfeldt alikuwa anakata majani, anapunguza matawi ili umbo litokee vizuri. Je, hiyo bado ni ukweli wa mmea?

#30 Mberlini wa Kigoma
Kijana, swali si dogo. Ndiyo, alipogoa, na alichagua. Kwa kila mmea uliosimama vizuri, mingapi ilitupwa? Mwanafalsafa Mjerumani Walter Benjamin, aliyeandika kuhusu kitabu cha Blossfeldt mwaka 1928, alikisifu, na mwaka 1931 akarudia: kwenye Equisetum zilizokuzwa, mimea ya mashina membamba yenye pingili, aliona nguzo za kale, kwenye kangaga aliona fimbo ya askofu. Lakini makala hiyohiyo ya 1931 ilimshambulia Renger-Patzsch na kitabu chake Die Welt ist schön, kwamba kazi yake inafanya kila kitu kiwe kizuri bila kueleza kitu hicho kina uhusiano gani na watu. Hilo jina, "Dunia ni nzuri", lilichaguliwa na mchapishaji. Renger-Patzsch alitaka kitabu kiitwe "Vitu".

Yaani mmoja anasifiwa, mwingine anapigwa, kwa picha ambazo mtu wa kawaida akizipanga mezani hawezi kuzitofautisha. Mimi naona tofauti iko hapa: Blossfeldt aliyekata matawi alikuwa na sababu ya kukata, sababu ile aliyoieleza Patasi. Aliyekata kwa ajili ya uzuri tupu ni shauri lingine.

#31 Kivuli cha Mnazi
Sikubaliani. Renger-Patzsch alitaka "Vitu". Ukimhukumu, mhukumu kwa jina alilolitaka, si kwa lile alilovishwa.

#32 Dada Nuru
Wakati mnapigana nimejaribu. Ncha ya kangaga la nyuma ya nyumba, kitambaa cheusi, dirisha la upande wa kivuli, simu juu ya kopo. Ikatoka ya kijivu tupu, imelala. Waridi jekundu nalo likatoka kijivu kilekile cha jani lake. Chuma kiko wapi?

#33 Fundi Lenzi
Simu inabadilisha rangi kuwa kijivu kwa kipimo chake, na nyekundu na kijani vikiwa na mwanga sawa vinatoka sawa. Sahani nyingi za zamani hazikuiona nyekundu, waridi jekundu lingetoka jeusi. Fungua programu ya kuhariri, tafuta sehemu ya kuchanganya rangi za nyeusi na nyeupe. Punguza nyekundu: ua litazama. Pandisha kijani: jani litanyanyuka. Na mwanga wako uko mbele ya mmea, usogeze mmea mpaka dirisha liwe ubavuni kabisa. Kuhusu kitambaa, kisogeze nyuma mbali kidogo, kisipate mwanga uleule.

#34 Patasi ya Mji Mkongwe
Na usipige kangaga lililofunguka. Lipige likiwa bado limejikunja. Likifunguka umbo limeshatoka, hakuna cha kusoma.

#35 Karatasi ya Gerezani
Nimefanya kazi kiwanda cha uchapaji, nimesoma uzi wote. Hakuna aliyezungumzia wino. Dunia ilimjua Blossfeldt kupitia kurasa za kitabu, na kurasa zile zilichapwa kwa gravure: picha inachimbwa kwenye sahani ya shaba, wino unajaa kwenye vijishimo, vyenye kina vinabeba wino mwingi. Weusi wake ni mzito, una unene, unafanana na mahameli. Hicho chuma mnachokiona mimi naona ni uchapaji. Mngeziona zikiwa zimechapwa kwa namna ya gazeti la siku zile msingeanzisha uzi.

#36 Fundi Lenzi
Halafu Cunningham? Nakala zake za magnolia ni karatasi ya fedha ya chumba cha giza, hakuna wino hapo, na bado watu wanaona jiwe.

#37 Karatasi ya Gerezani
Jiwe, ndiyo. Hakuna aliyesema chuma kwa Cunningham, rudi usome. Wa California mnawaita jiwe na ngozi, Mjerumani mnamwita chuma. Nawaambia ni karatasi na wino.

#38 Kivuli cha Mnazi
Mkonge alisema visu, #16, na ilikuwa Cunningham. Mberlini, upo huko: hizo za asili za Blossfeldt zinaonekana wapi, ili tumalize hili la wino?

#39 Mberlini wa Kigoma
Hapa Berlin chuo cha sanaa, Universität der Künste, kina mkusanyo wa picha zake za kufundishia, ndicho kilichoirithi shule ile. Sehemu nyingine iko Munich, kwenye mfuko wa Ann na Jürgen Wilde ulio chini ya Pinakothek der Moderne. Huko kuna pia karatasi alizobandikia picha ndogo ndogo, mmea kando ya mmea, kabla ya kuchagua. Nikipata nafasi ya kuingia nitatazama nakala ya fedha kando ya ukurasa wa kitabu. Karatasi, niambie nitazame nini hasa kwenye weusi.

#40 Karatasi ya Gerezani
Tazama kingo za kivuli, pale weusi unapoanza kuingia kijivu. Kwenye gravure hakuna mpaka, unateleza. Na uinamishe ukurasa kwenye mwanga: wino wa gravure hauakisi, karatasi ya fedha inaakisi kidogo. Chukua ukurasa wa Equisetum, mashina yale yana mifereji ya wima, ndipo tofauti itaonekana haraka.

#41 Bustani ya Bibi
Na ukimaliza na wino ulizia kama walizihifadhi mbegu.